Muulize Mwalimu: Ioni, kovalenti, na nani kashikana na nani

Safari hii barua nyingi zimeangukia kwenye jambo moja, bondi za kemia, yani namna atomu zinavyoshikana. Nimechagua sita, nimezifupisha kidogo maana kuna mmoja kaandika kurasa nne na swali lenyewe liko mstari wa mwisho.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma sekondari na mtihani uko karibu. Tumefundishwa bondi ya ioni ni metali kutoa elektroni na isiyo metali kupokea, halafu kovalenti ni kushea. Nikiambiwa "taja tofauti" naandika hivo napata maksi zangu. Ila nikiambiwa "eleza kwa nini" chumvi inahitaji moto mkali sana kuyeyuka na sukari moto mdogo tu, nakwama. Kutoa na kushea vinahusianaje na kuyeyuka?

JIBU: Marahaba. Hiyo sentensi uliyokariri haina uongo, shida yake inaishia pale habari inapoanza. Inakwambia elektroni imeenda wapi, haikwambii baada ya hapo nani kashikana na nani, na maswali karibu yote ya "kwa nini" yanajibiwa na hicho kipande cha pili.

Chukua sodiamu, elektroni 11, zimekaa kwa matabaka 2, 8, 1. Klorini ina 17, yani 2, 8, 7. Ile moja ya nje ya sodiamu ikihamia klorini, sodiamu inabaki na protoni 11 kwa elektroni 10, chaji chanya moja, na klorini inakuwa na protoni 17 kwa elektroni 18, chaji hasi moja. Hapa ndo watu wengi wanachora mshale, wanaweka mabano, wanafunga daftari. Usifunge bado. Jiulize hiyo chaji chanya inavuta nani? Inavuta kila chaji hasi iliyo jirani, wala haijali ni klorini ipi iliyochukua elektroni yake. Juu, chini, kushoto, kulia, mbele na nyuma, kila upande inakuja kukaa ioni ya kloridi (yani klorini iliyopata chaji hasi), jumla 6, na kila kloridi nayo imezungukwa na sodiamu 6, hivo hivo mpaka ukingoni mwa punje. Kwa hiyo ndani ya punje ya chumvi hakuna mahali utanyooshea kidole useme hii hapa ndo molekuli ya NaCl. Ile fomula ni uwiano tu, sodiamu moja kwa kloridi moja.

Na kama hilo linakushangaza hauko peke yako. Wanafizikia wawili, Bragg baba na mwanawe, walionyesha mpangilio huo kwa eksirei mwaka 1913, lakini mpaka 1927 mkemia mmoja mkongwe wa Uingereza, Henry Armstrong, alikuwa bado anaandika kwenye jarida la Nature kwa hasira kwamba chumvi iliyopangwa kama ubao wa chesi bila molekuli ni kitu kisichoingia akilini. Alikuwa mtu mzito kwenye fani yake, si mtu wa mtaani tu.

Sasa sukari. Molekuli moja ya sukrosi ina atomu 45, za kaboni, haidrojeni na oksijeni, na zote zimefungwa kwa jozi za elektroni zinazosheawa kati ya atomu hii na ile, majirani wanaojulikana. Kaboni fulani imeshikana na oksijeni fulani, basi. Ukimaliza hizo 45 molekuli imefungwa, haina bondi ya kutoa nje. Molekuli jirani zinashikiliana kwa mvutano mwingine ambao ni mdogo zaidi, na ukiweka moto kinachoachia kwanza ni huo mvutano wa kati ya molekuli. Ndo maana sukari inaanza kulegea kwenye nyuzi 186 hivi za selsiasi (na muda huo huo inaanza kuharibika, inageuka kahawia), wakati chumvi inakusubiri mpaka nyuzi 801, maana kwenye chumvi hakuna kamba dhaifu ya kuanza nayo, kila mahali ni chanya na hasi zimeng'ang'aniana.

Hata kuvunjika kwake kunaelezeka hapo hapo. Tafuta punje kubwa ya chumvi ya mawe, iweke chini ya kioo cha kukuzia, gonga kidogo na kisu: inapasuka kwa nyuso bapa, pembe zake zimenyooka. Umesukuma safu moja hatua moja, chanya ikajikuta inatazamana na chanya, hasi na hasi, zikafukuzana. Haikunjiki kama waya, inaachana tu.

SWALI: Habari mwalimu. Wanasema sodiamu "inapenda" kutoa elektroni ili ifanane na neoni, ile gesi ambayo tabaka lake la nje limejaa. Atomu inapendaje? Na kama inapenda kweli, mbona haitoi ikiwa peke yake ikapumzika?

JIBU: Haipendi hata kidogo, na hesabu ipo. Tutumie kilojuli kwa moli (kilojuli ni nishati, moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Kung'oa elektroni ya nje ya sodiamu ikiwa gesi unalipa 496. Klorini ikiipokea inakurudishia 349. Umebaki na pungufu ya 147, yani ukiwa na atomu moja ya sodiamu na moja ya klorini zimekaa mbali mbali, kuhamisha elektroni ni hasara tupu na ule mshale wa daftarini usingetokea wenyewe.

Kinachofidia ni mkusanyiko. Ioni zikisogeleana na kujipanga kwenye fuwele, yani ule mpangilio wa ndani ya punje, zinaachia 787. Tufanye hesabu kamili sasa, na vitu kama vinavyokuwa mwanzo: kuivukiza sodiamu 107, kuvunja nusu moli ya Cl2 121, kung'oa elektroni 496, jumla umetumia 724. Umepata 349 na 787, jumla 1,136. Tofauti ni 412, na joto lililopimwa kweli kweli sodiamu na klorini zikiungana kuwa chumvi ni 411. Mimi kila nikiifanya hii hesabu ubaoni naona raha, sijui wenzangu.

Sasa ile "kufanana na neoni" inaingia wapi? Inaingia kwenye kujua pa kuishia. Elektroni ya pili ya sodiamu inatoka kwenye tabaka la ndani na kuing'oa ni 4,562. Hakuna fuwele itakayokurudishia hela hiyo, kwa hiyo sodiamu inaishia chanya moja. Magnesiamu inaweza kutoa mbili, ya kwanza 738 na ya pili 1,451, kwa sababu chanya mbili zikikutana na oksidi yenye hasi mbili mvutano unakuwa mkubwa mno, kama 3,800, na ndo maana oksidi ya magnesiamu inavumilia mpaka zaidi ya nyuzi 2,800 na wanaitumia kutandika ndani ya tanuru.

Kaboni je? Kaboni ina elektroni 4 za nje. Kuzing'oa zote jumla yake inapita 14,000. Nani atalipa? Kwa hiyo kaboni haiingii huko, inashea. Haidrojeni mbili zikisheana jozi moja zinaachia 436 bila kuhamisha chaji yoyote kwenda popote, ile jozi inakaa katikati na viini viwili vyote vinaivuta kwa pamoja. Mtu akikuuliza kwa nini methani si ya ioni mjibu kwa hizo 14,000, usimwambie kaboni ni mchoyo.

SWALI: Mwalimu salama? Mwanangu kaandika "bondi za kovalenti ni dhaifu, ndo maana vitu vyake vinayeyuka kwa joto dogo" na kawekewa tiki. Mimi nilisoma zamani lakini almasi si kovalenti? Nani kakosea hapo?

JIBU: Salama mzazi. Tiki ndo imekosea, na ni tiki inayowekwa kila mahali, nimeiona hata kwenye majibu ya mitihani yaliyochapishwa.

Weka maji jikoni yachemke. Kuyageuza moli moja kuwa mvuke unahitaji kilojuli kama 41. Kuvunja bondi moja ya oksijeni na haidrojeni ni kama 463, na kila molekuli ya maji inazo mbili. Linganisha mwenyewe hizo namba. Ule mvuke unaopanda ni H2O ile ile, haijavunjika hata moja, zimeachana tu molekuli kwa molekuli. Ingekuwa kuchemka ni kuvunja bondi, juu ya sufuria kungekuwa na mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni, na wa kwanza kuwasha kiberiti hapo tungemzika.

Nitrojeni ndo mfano ninaoupenda zaidi. Inachemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, mtu anaweza kusema basi hii bondi yake ni legelege kabisa, kumbe ile bondi ya mara tatu kati ya nitrojeni mbili ni 945, ni moja ya bondi kali zaidi tunazozijua. Hiyo ndo sababu hewa imejaa nitrojeni na mimea mingi haiwezi kuitumia moja kwa moja, na viwanda vya mbolea vinachoma nishati nyingi kuifungua.

Halafu almasi, hapo umegonga penyewe. Kaboni moja imeshikana na kaboni 4, kila moja ya hizo na 4, haifungi mahali, punje nzima ni kama molekuli moja. Huko hakuna mvutano dhaifu wa kuanzia, ukitaka ilegee lazima uguse bondi zenyewe, na inavumilia zaidi ya nyuzi 3,500. Mwambie mwanao alinganishe hizi mbili: kabonidayoksaidi na silika, ambayo ndo mchanga mwingi umetengenezwa nayo. CO2 na SiO2, fomula zinafanana, zote kovalenti. Ya kwanza ikiganda inageuka gesi tena kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri, ya pili inataka kama 1,700 ndo iyeyuke. Tofauti ni kwamba CO2 ni molekuli ndogo ndogo zilizojifunga, silika ni mtandao usioisha. Aandike hivi: "molekuli zinashikiliana kwa mvutano dhaifu". Neno bondi aliondoe kwenye hiyo sentensi.

SWALI: Mwl, nimechukua betri na kitaa nikagusisha nyaya kwenye chumvi kavu, haijawaka. Si mnasema chumvi ni ioni na ioni zinapitisha umeme?

JIBU: Zinapitisha zikiweza kutembea. Kwenye punje kavu kila ioni imebanwa na wenzake 6, chaji ipo ila haina pa kwenda. Itie kwenye maji, molekuli za maji zinazizunguka ioni moja moja na kuzichomoa, jaribu tena utaona kitaa kinawaka. Sukari kwenye maji hakiwaki, kwa sababu molekuli zinaachana zikiwa nzima na hazina chaji. Lakini usiache huo mtambo uendelee muda mrefu ndani ya chumba kilichofungwa, zile povu kwenye waya mmoja zinakuja na klorini, na klorini si gesi ya kuvuta.

Ukiiyeyusha kwa moto nayo inapitisha, ila hiyo usijaribu nyumbani. Viwandani sodiamu inapatikana hivo hivo, wanapitisha umeme kwenye chumvi iliyoyeyuka, wanachanganya na kloridi ya kalsiamu ili iyeyuke kwenye nyuzi 600 hivi badala ya 801.

Kuna mtego hapa. HCl, kloridi ya haidrojeni, ni gesi ya molekuli, kovalenti, ila ukiitia kwenye maji inapitisha umeme vizuri kabisa, maana inamwachia maji haidrojeni yake na ioni zinazaliwa hapo hapo. Ukiiyeyusha kwenye heksani, kimiminika kisicho na maji, haipitishi. Kwa hiyo kitaa kuwaka kwenye maji hakukuambii kitu kilikuwa cha aina gani kabla hakijaingia. Na grafaiti ni kovalenti inapitisha ikiwa kavu, ina elektroni zinazotembea kwenye zile tabaka zake. Watu wa majedwali ya safu mbili, ioni huku kovalenti kule, hii huwa hawaitaji.

SWALI: Mambo mwalimu. Chuo tumepewa kanuni ya 1.7, tofauti ya elektronegativiti (nguvu ya atomu kuvuta elektroni za bondi) ikizidi hapo ni ioni, ikiwa chini ni kovalenti. Nimejaribu kuitumia inanichanganya. Inaaminika?

JIBU: Poa. Inaaminika mpaka uiguse. Vile vipimo alivianzisha mkemia Linus Pauling mwaka 1932, na ukisoma namba zenyewe: florini 3.98, oksijeni 3.44, klorini 3.16, haidrojeni 2.20, boroni 2.04, sodiamu 0.93. Chumvi inatoka 2.23, sawa, ni ioni. Sasa fanya HF, unapata 1.78, imepita mstari, na HF ni molekuli inayochemka karibu nyuzi 20 tu. Fanya BF3, boroni na florini, unapata 1.94, kubwa kabisa, na hicho kitu ni gesi mpaka uipoze kwenye nyuzi 100 chini ya sifuri. Halafu geuka upande wa pili, sodiamu na haidrojeni, NaH, 1.27 tu, kanuni inasema kovalenti, kumbe ni fuwele ya ioni na imejipanga kama chumvi yenyewe, sodiamu chanya na haidrojeni HASI. Kanuni imeanguka pande zote mbili.

Kosa liko kwenye kudhani kuna mstari. Gilbert Lewis alipotoa wazo la jozi ya elektroni mwaka 1916 aliona tangu mwanzo kwamba jozi inaweza kukaa katikati, ikasogea kidogo, ikasogea sana, mpaka ikawa ya mmoja peke yake, ni mteremko. (Hilo jina la kovalenti lilikuja 1919, la Irving Langmuir.) H2 iko mwisho mmoja kabisa, floridi ya siziamu iko karibu na mwisho mwingine, na vingine vyote vimetawanyika katikati.

Kwa nini BF3 inatoroka? Jaribu kuifikiria kama ioni: boroni ingekuwa na chanya tatu na ni ndogo mno. Kitu kidogo chenye chaji kubwa hivo kikikaa karibu na wingu la elektroni la florini kinalivuta mpaka linajaa katikati yao, na wingu likishajaa katikati unaiita nini? Kushea. Kazimierz Fajans aliliweka hili vizuri mwaka 1923: chanya ikiwa ndogo na chaji yake kubwa, na hasi ikiwa kubwa na laini, tegemea kovalenti. Ndo maana pia kloridi ya aluminiamu, metali na isiyo metali kama kitabu kinavyotaka, inageuka gesi kwenye nyuzi 180 hivi na ukiipima hiyo gesi unakuta molekuli za Al2Cl6, wakati floridi ya aluminiamu inangoja mpaka karibu 1,300. Florini ni ndogo na ngumu kuvutika umbo, klorini inavutika.

Kwenye mtihani tumia 1.7 kama umeambiwa uitumie. Nje ya mtihani angalia tabia ya kitu chenyewe kwanza, kinayeyuka wapi, kikiyeyuka kinapitisha umeme au hapana, ndo uje kwenye namba.

SWALI: Mwalimu naomba jibu fupi. Kloridi ya amonia, NH4Cl, haina metali hata moja. Rafiki yangu anasema kwa hiyo lazima ni kovalenti. Nimemkatalia ila sina hoja.

JIBU: Mmeshinda wote nusu nusu. Ndani ya NH4 nitrojeni imesheana na haidrojeni 4, kovalenti safi. Lakini kile kifurushi kizima kina chaji chanya moja, na kinakaa kwenye fuwele kimezungukwa na kloridi kama ioni nyingine yoyote. Chaji haiulizi kama aliyeibeba ni metali.

Mwonyeshe na chaki, ile ya asili ya mawe, CaCO3. Kaboni na oksijeni 3 zimefungana kwa kovalenti, kalsiamu iko nje inavutwa kwa chaji. Choma kwenye tanuru la chokaa, nyuzi 900 hivi, utaona kinachotoka ni CO2 na kinachobaki ni CaO, yani hapo bondi ya kovalenti ndo imeachia, ile kaboni imeondoka na oksijeni zake mbili ikaiacha moja kwa kalsiamu. Sasa mwulize huyo rafiki yako ipi ilikuwa dhaifu.